Namba za Chuo Ziko kwa Mama Mkwe

Huruma, Nairobi
Jumapili, baada ya ibada

Mama Nekesa,

Mulembe. Pokea salamu zangu wewe na watoto, na uzipokee ukiwa umeketi, maana barua hii ina maneno. Natumaini kifua cha Nekesa kimetulia tangu baridi ipungue, na yule ng'ombe mpya amekubali kukamwa bila kupiga ndoo teke. Mimi mwili hauna neno. Kichwa ndicho sina hakika nacho, na kilichokifikisha hapo ni chuo kikuu.

Utauliza kwa nini nimeshika kalamu ilhali simu ipo. Kwa simu nikianza tu kukueleza habari za chuo sauti yangu inapanda, na yako inaifuata, halafu mmoja wetu anasema mtandao ni mbaya na kukata. Karatasi haikati. Isitoshe, pamoja na barua hii nimempa dereva wa basi mfuko, na ndani ya mfuko kuna blanketi. Blanketi hilo si lako, tafadhali usianze kulipima kwenye kitanda chetu. Ni la mama yako. Sababu ya kumnunulia mama yako blanketi ndiyo habari yenyewe, na ninataka uipate kwangu kabla hujaipata kwa ndugu yako Wafula, kwa kuwa Wafula ataitia chumvi mpaka isilike.

Unakumbuka nilivyoahirisha masomo mwaka ule wa operesheni ya Nekesa. Shahada ilikuwa imebaki masomo manne tu. Manne, mama. Watu wa kale walisema ni aibu kula ng'ombe mzima ukashindwa na mkia, na mimi mkia huo nimeutazama muda wote huu nikisema mwaka ujao, mwaka ujao. Sasa chuo kimetuandikia sote tulioahirisha kwamba tujisajili muhula huu. Asiyejisajili kabla ya usajili kufungwa, nafasi yake imefutwa, na akitaka kusoma tena ataanza mwaka wa kwanza pamoja na watoto waliomaliza sekondari juzi.

Najua huhitaji kuelezwa maana ya hayo. Mwalimu mkuu wa shule ya pale sokoni kwetu aliniambia Krismasi iliyopita, tukiwa tumesimama kando ya duka la mbolea, kwamba hana mwalimu wa hesabu wa sekondari msingi, na akinitazama namna hii anamwona huyo mwalimu, ila bila cheti cha shahada mkono wake umefungwa. Kwa hiyo hayo masomo manne si mambo ya kuvaa joho na kupigwa picha. Nikiyamaliza, nitafundisha mahali ninapoweza kwenda kwa miguu kutoka mlangoni kwetu. Nikiyakosa, nitaendelea kupanda ngazi za jengo hili la Huruma na jerikeni mkononi, na wanangu wataendelea kunijua kama mgeni wa Desemba.

Basi nikaenda kujisajili. Siku hizi mtu haendi chuoni. Masomo yetu yanaitwa ya kujisomea: kila kitu kiko mtandaoni, vitabu viko mtandaoni, mazoezi yako mtandaoni, mwalimu mwenyewe yuko mtandaoni ingawa sijawahi kumwona huko. Nadhani hata kuomba ruhusa ya kulia utaambiwa uombe mtandaoni. Nilikaa kwenye saiba ya Mercy, duka lake la intaneti pale Kariobangi, karibu na wale wanaochomelea mageti, nikaandika namba yangu ya mwanafunzi, nikaandika nenosiri. Nikaambiwa nenosiri langu limezeeka, nibonyeze hapa kupata jipya. Nikabonyeza. Ukurasa ukaniandikia kwa upole kabisa kwamba namba za uthibitisho zimetumwa kwenye simu yangu, nizijaze kabla ya dakika kumi.

Nikatoa simu. Nikangoja. Hakuna kitu. Nikaomba tena, nikangoja, hakuna. Nikamlaumu Mercy na intaneti yake. Mercy ni mwanamke mkubwa mwenye saiba ambaye dawa yake ya kila ugonjwa ni kuzima kompyuta na kuiwasha, na aliizima na kuiwasha mpaka kompyuta yenyewe ikaanza kulalamika. Mwishowe nikasoma vizuri yale maandishi. Walikuwa wameonyesha tarakimu mbili za mwisho za hiyo simu yangu, na hazikuwa zangu. Nilizitazama kwa muda. Nilijua nimewahi kuziona mahali, tena nimewahi kuzikariri.

Mama Nekesa, ni za mama yako.

Ile simu ndogo ya kabambe niliyompelekea mwaka ule alipopoteza kitambulisho, akawa hawezi kusajili laini. Sisi tukajiona wajanja: tukampa simu pamoja na laini yangu ndani yake, nami nikanunua nyingine. Wewe mwenyewe uliifunga kwa karatasi ya kung'ara. Wakwe wakafurahi, tukaimbiwa. Hakuna aliyekumbuka kwamba laini hiyo ndiyo niliyoiandikisha chuoni nikiwa mwaka wa kwanza, nami chuo nilikuwa nimekiweka kando kama jembe wakati wa kiangazi. Sasa chuo kimeamka, na kila kinapotaka kuniambia jambo la siri kinakwenda kumnong'oneza mama mkwe.

Mtu wa kabila jingine angecheka na kumpigia. Wewe unajua. Tangu nikuoe sijawahi kumwambia mama yako neno moja kwa kinywa changu, wala yeye kuniambia. Nikija kwenu nasimama pale kwenye ua wa michongoma na kukohoa, ili ajue mkwe amefika, aingie jikoni kwake na kufunga mlango, nami nipite kwa heshima hadi nyumba ya Wafula. Chakula chake nimekila miaka yote hii na nakisifu kupitia kwako. Kisogo chake nimewahi kukiona mara moja, kwenye mazishi ya baba yako, nikageuza uso. Hivyo ndivyo tulivyolelewa na sina ugomvi na heshima. Ugomvi wangu ni kwamba heshima haiendi kwa dakika kumi.

Na usiniambie nirudishiwe laini. Kitu kikishaingia kwa wakwe hakitoki. Ningekuwa mtu wa namna gani?

Mpango niliofanya na Wafula unaujua nusu. Nilikubaliana naye kwamba nikibonyeza huku, nimpigie, yeye atoke stendi ya bodaboda akimbie nyumbani, amwombe mama simu, asome namba, anitumie. Mara ya kwanza alikuwa na abiria wa mbali. Mara ya pili alifika, ila mama yako alikuwa kisimani na simu ilikuwa imefungwa kwenye kitenge kiunoni mwake. Mara ya tatu alimkuta, akamweleza, na mama yako akakataa katakata. Alisema kwenye kikundi chao cha akina mama walifundishwa na afisa mzima aliyevaa tai kwamba wezi wa siku hizi hawaji na panga, wanakuja na ombi la namba. Tena ujumbe wenyewe umeandikwa: usimpe mtu yeyote. Wafula akamwambia, mama, ni za mkweo. Akajibu kwamba wezi hutumia hata watoto wa kuzaa, na kama ni za mkwewe, mbona mkwewe hasemi?

Nilipoambiwa hivyo nilikuwa mbele ya kompyuta ya Mercy na dakika zangu zikiyeyuka. Nilitaka kucheka na nilitaka kupiga meza. Hasemi kwa sababu ni mkwewe. Angesema asingekuwa mkwe, angekuwa mwizi. Mercy akachungulia juu ya bega langu akasema, "Mwalimu, hiyo code ishaexpire. Itisha ingine." Anasema hivyo kama mtu anayekuongezea chai.

Halafu ukaenda wewe. Bado nakushukuru kwa siku ile, ulivyowaacha watoto kwa jirani na kuzunguka njia yote ya juu kwa sababu mvua ilikuwa imebeba daraja. Mama yako alikukubalia kwa shingo upande, ukakaa na simu mkononi ukisubiri. Na huku mimi, nikiwa nimeomba ruhusa shuleni ninakofundisha na kuvaa shati jipya kama mtu anayekwenda kuposa, nikafungua tovuti ya chuo na kukuta imeandikwa kwamba mfumo unafanyiwa matengenezo, tunaomba radhi kwa usumbufu. Ulipoanza kunigombeza kwamba nimekusumbua bure, nilikugombeza pia, na hapo ndipo nilipovuka mpaka. Si wewe niliyetaka kumgombeza. Kompyuta haina masikio, na wewe ulikuwa nayo.

Siku iliyofuata nilipanda mpaka ofisi ya chuo mjini nikidhani nitakuta binadamu. Nilimkuta mmoja, dada mwenye heshima tele nyuma ya kioo. Nikamweleza kwamba nataka tu kubadilisha namba ya simu. Akasema hilo ni jambo rahisi sana, linafanyika mtandaoni. Nikamuuliza linafanyikaje. Akageuza kompyuta yake nikaona: ili kubadilisha namba ya simu, jaza namba za uthibitisho zilizotumwa kwenye simu ya zamani. Nikamweleza kwamba simu ya zamani iko kwa mama mkwe wangu. Akaniuliza kwa nini nisimpigie. Mama Nekesa, utaanzia wapi kumweleza msichana wa mjini, na foleni nyuma yako inakohoa? Nikasema sawa. Akanipa karatasi ya kula kiapo kwa wakili kwamba mimi ni mimi, na akasema ikishapelekwa huko juu itashughulikiwa, wiki kadhaa, labda zaidi. Usajili ulikuwa unafungwa Ijumaa.

Nikawaandikia barua pepe pia. Nilijibiwa papo hapo, na moyo ukaruka. Jibu lilisema barua yangu imepokelewa na nitajibiwa.

Sasa nakuambia jambo ambalo sijakuambia kwa simu. Mercy alinishauri kwa nia njema. "Mwalimu, si u-replace tu hiyo line? ID si ni yako?" Na ni kweli, kitambulisho ni changu. Duka la simu liko hapo tu, ni kwenda, kuonyesha kitambulisho, kupewa laini mpya yenye namba ileile, na ya kule inakufa. Nilipomwambia kuna mtu anaitumia, aliinua mabega. "Huyo mathe atajua ni network imepotea."

Alhamisi nilipanga foleni hapo dukani. Nilifika hadi mbele, kitambulisho mkononi. Yule kijana wa kaunta akaniuliza kama nina hakika, kwa sababu simu iliyo na laini hiyo sasa itanyamaza saa hiyohiyo. Neno lake la kunyamaza ndilo lililonikamata. Nilimwona mama yako akibonyeza kabambe ile na isiitike. Akina mama wa kikundi humpigia hiyo akiwapo mgonjwa. Ni hiyo uliyompigia wewe siku Nekesa alipotolewa chumba cha upasuaji. Na kila kitu cha kikundi kimo humo. Ningeinyamazisha kwa sababu kitambulisho kinasema ni yangu. Nikamwambia kijana nimeghairi, na mtu aliyekuwa nyuma yangu akasonya kwa kupotezewa muda. Alikuwa na haki ya kusonya. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira na kila kitu, hata na wema wangu mwenyewe, ambao ulionekana kwangu kama ujinga uliovaa nguo za Jumapili.

Ijumaa ikafika. Usajili ulikuwa unafungwa saa kumi na moja jioni. Niliwaachia watoto wa darasa la sita kazi ya sehemu na desimali, nikamwomba mwalimu mwenzangu awatazame, nikaenda kwa Mercy. Nikampigia Wafula: mteja hapatikani. Nikapiga tena na tena, mteja huyohuyo. Wewe ulikuwa umeniambia asubuhi kwamba unampeleka Nekesa kliniki, na hata ungekuwa nyumbani, kwenu ungefika jioni imekwisha. Nikaketi pale nikitazama ile sehemu ya kujaza namba, tupu. Nikawaza mwaka wa kwanza, nikawaza yule mwalimu mkuu kando ya duka la mbolea akimpa mtu mwingine nafasi. Lisilo budi hutendwa, mama. Nikapiga namba ya mama yako.

Aliitika upesi kuliko nilivyotaka. Nilikuwa sijaamua hata nitamwitaje.

"Mama, mulembe," nikasema. "Ni mimi, baba Nekesa."

Nilisikia kuku. Nilidhani ameitupa simu. Kisha sauti ikaja, ndogo, ya mtu anayeongea na mkono mdomoni. "Ngoja kwanza." Nikasikia miguu, nikasikia mlango ukibamizwa na komeo likishuka. "Haya. Niko jikoni, nimefunga mlango. Wewe umekaaje?"

Nikajitazama. Nikagundua kwamba nimeinuka kwenye kiti bila kujijua na kugeukia ukuta, uso kwa uso na bango la bei za kupiga chapa. Nikamwambia nimegeukia ukuta. Akasema vizuri. Basi tukaongea hivyo, mama yako nyuma ya mlango wake na mimi usoni pa ukuta wangu, na Kenya nzima katikati yetu.

Nikamweleza yote kwa adabu niwezayo: chuo, laini, namba, saa kumi na moja. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akasema maneno ambayo hata leo sijui nicheke au nimpigie makofi.

"Mwanangu, kama wewe ni mwanangu. Wezi wanajua majina yote. Hata la Nekesa watakuwa nalo. Na sauti ya mkwe wangu mimi siijui, sijawahi kuisikia."

Nikamwambia aniulize chochote, jina la babu, rangi ya ng'ombe tuliowaleta wa mahari, chochote. Akasema hayo yote kijiji kizima kinayajua.

"Kohoa," akasema.

"Mama?"

"Kohoa nisikie."

Nilikohoa. Hapo saiba kulikuwa na watu, vijana wanaotafuta kazi, mama mmoja anayechapisha matangazo ya mazishi. Wote wakageuka. Nilikuwa nimekohoa kidogo, kwa haya, mkono mdomoni.

"Huyo ni mtu wa mjini," mama yako akasema. "Kama ni wewe, kohoa kama uko pale michongomani."

Nikafumba macho. Nikaiona njia ya kwenu, ule ua, moshi wa jikoni kwake, na wewe ukitembea mbele yangu na mtoto mgongoni. Nikakohoa kutoka tumboni, ile ya kusikika hadi ng'ambo ya mto, mara mbili kama kawaida yangu. Yule mama wa matangazo akahamisha kiti. Mercy akaniuliza, "Mwalimu, uko sawa?" na kunisogezea chupa ya maji.

"Ni wewe," mama yako akasema. Na sauti yake ilikuwa imebadilika kabisa. "Ni wewe, baba Nekesa. Haya, tuma hizo namba zao."

Lakini usidhani mambo yaliisha hapo, na chuo hiki? Nilibonyeza, ujumbe ukaenda. Simu ile haiwezi kusomwa ikiwa sikioni, kwa hiyo ilibidi akate, asome, anibipu, nimpigie. Akabipu. Nikapiga. Akanisomea namba kwa lugha yetu, mojamoja, kama mtu anayehesabu vifaranga. Nikajaza. Zikakataliwa. Nikaambiwa nimebakiza jaribio moja tu kabla ya akaunti kufungwa. Nikamuuliza kwa upole amesoma ujumbe upi. Akasema ule wa juu kabisa ulikuwa na namba mbaya mbaya, kwa hiyo alinichagulia wa chini yake, una namba nzuri.

Sikuinua sauti. Andika hilo mahali. Mimi niliyekugombeza wewe kwa kosa la kompyuta, sikuinua sauti kwa mama yako. Nikamwambia, mama, leo chuo kinataka zile mbaya. Akakata, akasoma, akabipu. Nikapiga, akanitajia zile mbaya, nikazijaza. Ukurasa ukazunguka, ukazunguka, kisha ukafunguka. Karibu, mwanafunzi. Jina langu lilikuwepo hapo juu, na masomo yangu ya zamani yote na alama zake, kama vile hakuna siku iliyopita.

Nimesajiliwa, Mama Nekesa. Masomo yote manne. Nilimaliza saa kumi na moja bado haijafika, na nilibaki nimeketi nikiitazama karatasi ya uthibitisho ikitoka kwenye printa ya Mercy na mistari myeusi pembeni, kwa sababu hata printa yake ni ya kuzimwa na kuwashwa.

Jana nikajaribu kuanza kusoma. Kumbe mahali pa kujisajili na mahali pa kusomea ni tovuti mbili tofauti, na hii ya pili haijui kabisa kwamba ile ya kwanza inanijua. Inataka nenosiri lake, na ili kulipata zinatumwa namba za uthibitisho. Nadhani hupati shida kubahatisha zimetumwa wapi. Nasikia na siku ya mtihani zitatumwa tena. Ila safari hii mambo yalienda kama maji. Nilipiga, mlango ukafungwa kule, nikageukia ukuta huku, nikakohoa bila kuombwa, nikapewa. Sasa nina kitabu cha somo la kwanza ndani ya simu, kurasa zake ndogo kama chawa, na nimesoma sura moja kwenye ngazi za jengo kwa sababu ndani jirani anapiga muziki wa kutoa mashetani.

Kuhusu blanketi. Nilikwenda mtaa wa Tena kumwona yule mzee wa ukoo wetu aliyestaafu kazi ya reli, nikamkuta akitazama mpira, nikamweleza kosa langu. Alinisikiliza hadi mapumziko. Akasema kuongea na mama mkwe uso kwa uso ni kosa la kulipa ng'ombe, lakini kwa kuwa kulikuwa na mlango na ukuta, na hata simu zenyewe ni kama mlango, blanketi litatosha. Akaongeza kwamba liwe zito. Basi mpelekee wewe mwenyewe, kwa mikono miwili, na umwambie mkwewe anaomba asihesabiwe utovu wa adabu.

Ile sehemu ya kubadilisha namba ya simu sasa imefunguka. Ningeweza kuweka yangu leo na mambo yakaisha. Mercy ananiona mwendawazimu kwa kutoifanya, na nitaifanya siku moja, mtihani ukishapita. Kwa sasa nimeiacha.

Nisalimie mama yangu mzazi na umwambie dawa ya magoti nitaituma na basi lijalo. Nisalimie jirani yetu aliyekaa na watoto siku ile ya daraja, Mungu amzidishie. Shemeji Wafula mwambie achaji simu. Mwalimu mkuu wa pale sokoni ukikutana naye, msalimie kwa heshima na umnong'oneze kwamba mwalimu wake wa hesabu amesajiliwa, asiharakishe kumpa mtu meza. Nekesa mwambie baba anasoma kama yeye, na anachoka kama yeye. Nawe unisamehe kwa siku ile.

Nimelibakiza neno moja kwa kuwa sikujua niliweke wapi. Ijumaa ile, nilipokwisha kumshukuru mama yako na kumuaga, hakukata. Nilisikia anapumua nyuma ya mlango wake. Nikadhani labda anangoja nimwambie ameruhusiwa kutoka.

"Hizo namba," akasema, "zikija hata usiku nitakusomea. Soma, baba, umalize, urudi. Kikohozi chako mimi nakisikia Desemba kwa Desemba, na mtoto wangu nyumba anaifunga peke yake kila jioni."

Nikakohoa. Akaelewa.

Ni mimi mumeo, bado nimegeukia ukuta, ila nakuja,

Baba Nekesa